Mundu wa Mashoto

Léontine Osmont aliolewa Jumamosi tarehe 26 Aprili 1919, na alasiri ya siku hiyohiyo, wageni wakiwa bado mezani, mumewe alimwita ubavuni mwa nyumba akamshikisha mche wa mpeasi.

"Ushike wima, usiuache ulale," Aubin alimwambia, akaanza kufukia shimo.

Msimu wa kupanda ulikuwa umekwisha kitambo. Wazee wa kitongoji cha Vaubosc, kando ya mto Seine, walicheka wakasema mti uliopandwa na bwana harusi mlevi hautaiona Krismasi. Aubin hakuwa amelewa. Alikuwa amerudi kutoka vitani majira ya baridi yaliyopita, na hakutaka kungoja msimu mwingine kwa jambo lolote.

Mche ulishika. Ulipopata nguvu, Aubin akaufunga kwenye ukuta unaotazama kusini, matawi yamenyooshwa kulia na kushoto kama mtu anayepimwa koti na fundi cherehani. Kila mwaka mikono ile ilirefuka, na kila miaka kadhaa kiunzi cha fito kilichoishikilia kilibadilishwa. Mapeasi yake yalikuwa magumu kama mawe, si ya kuliwa mabichi. Yaliwekwa darini juu ya majani makavu, yakapikwa majira ya baridi.

Viunzi vya fito ndivyo vilivyokuwa riziki ya nyumba ile. Wenye bustani za bonde zima walimjia Aubin, kwa sababu miti yao ya matunda nayo hufungwa ukutani ipate joto la mawe. Fito hukatwa msituni wakati wa baridi, na msitu haukui kwa rula. Nyingi hutoka zimepinda. Ufito uliopinda hautupwi, hujeruhiwa. Huwekwa juu ya gogo lenye vigingi viwili, mtu mmoja akaukalia ncha kuulazimisha kunyooka, na mwingine akaupiga mundu pigo moja la mshazari, upande wa ndani wa pindo, pale mti ulipojikunja. Jeraha hufunguka. Kibanzi kinachoinuka huteleza na kukwama ndani yake, kikalizuia lisifunge tena, na ufito hubaki umenyooka maisha yake yote.

Kazi hiyo kwa lugha yao iliitwa navrer, yaani kujeruhi. Ilihitaji watu wawili, na katika nyumba ya Osmont wawili hao walikuwa mume na mke.

"Kalia," Aubin angesema.

"Nimekalia."

Mundu ungegonga. "Inuka."

Kwa miaka arobaini na minne hayo yalikuwa sehemu kubwa ya mazungumzo yao ya mchana, na Léontine hakuwahi kuona kwamba yamepungua kitu.

Aubin alikuwa mashoto. Mundu wake, mzito, wenye mdomo uliopinda kama wa kasuku, ulifuliwa na mhunzi kwa ajili ya mkono huo: makali yamenolewa upande mmoja tu, upande usio wa kawaida. Mwenye kutumia mkono wa kulia akiushika, unakwepa mti na kutafuta goti lake. "Faida ya kuwa mashoto," Aubin alikuwa akisema, "ni kwamba hakuna jirani anayekuja kuazima."

Alikufa Novemba 1963, kwa kifua, fito za kwanza za msimu zikiwa bado hazijashushwa kwenye gari. Kanisani walikuja wenye bustani kutoka mjini, wamevaa makoti mazuri, na kila aliyempa Léontine mkono alisema neno moja: navré. Ndivyo wanavyosema watu waliosoma wanapotaka kusema kwamba huzuni imewafika ndani kabisa. Léontine alilijua kwa maana hiyo pia, nani asiyelijua? Lakini siku ile, kila liliposemwa, alisikia mundu ukigonga mti, na akajikuta anakaza miguu chini ya gauni jeusi kama mtu aliye juu ya ufito.

Kwao Osmont kulikuwa na desturi kwamba mundu wa marehemu hutundikwa makali yakitazama ukuta hadi mwaka uishe. Léontine aliutundika hivyo. Mwaka ukaisha, ukaanza wa pili, na hakuugeuza.

Jioni ya mazishi binti yao wa pekee, Mauricette, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alimwambia wafunge nyumba waondoke wote. Léontine, apate kuachwa alale, alijibu, "Mpeasi ukianguka, nitakuja." Mti ulikuwa na afya kuliko wao wote wawili. Mauricette alikumbuka maneno hayo neno kwa neno, kwa kuwa kukumbuka maneno ndiyo kazi yake.

Januari 1965 upepo ulipanda mto kutoka baharini usiku kucha, na kiunzi, ambacho kilistahili kubadilishwa mwaka ule Aubin aliokufa, kilivunjika. Asubuhi mkono wa kushoto wa mpeasi ulikuwa unaning'inia na uzito wake wote. Pale unapokutana na shina palikuwa na ufa ambao ncha ya kisu ingeingia. Léontine aliuegemeza kwa ngazi, akaufunga kwa shuka. Ingetosha kwa majuma machache tu. Utomvu ukipanda, machipukizi yakinenepa, tawi lingekuwa zito maradufu na shina lingepasuka katikati.

Jirani yake, Fernand Ygouf, mkamua matufaha, kapera wa miaka sitini na kitu, alimletea mzigo wa fito mbichi kutoka msituni. Halafu, bila kumwambia, akaenda mkahawani akampigia simu Mauricette.

Mauricette alifika Jumamosi tarehe 13 Februari, kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na miaka arobaini na moja, koti la kijivu, mkoba mmoja, na sanduku kubwa lililokuwa likiyumba mkononi kwa wepesi.

"Sanduku tupu hilo la nani?" Léontine aliuliza mlangoni, kabla ya salamu.

"La nguo zako, Mama."

"Nguo zangu zingeenea kwenye mfuko wa viazi. Ingia, unaleta baridi."

Hawakuingia. Mauricette alizunguka kwanza ubavuni mwa nyumba kuuona mti, na huko wakamkuta Fernand, mikono mfukoni, anautazama mpeasi kama daktari asiye na dawa.

"Karibu, binti wa mjini! Mbona umekonda? Huko Paris mnakula karatasi?"

"Tunakula, Bwana Fernand, ila tunazisoma kwanza."

"Mimi nilishamwambia mama yako. Nguzo mbili za saruji, waya wa chuma, alasiri moja tu kazi imekwisha."

"Saruji!" Léontine alisema. "Ukuta wangu si wa gereza."

"Gerezani hakuna mapeasi, Mama Osmont."

"Na hapa hayatakuwepo ukiendelea kusaidia." Akamgeukia binti yake, akamwonyesha rundo la fito zilizovunjika kando ya gogo. "Mwone fundi huyu. Alikata upande wa nje."

"Mgongo ndio ulioinuka!" Fernand alijitetea. "Nikadhani mgongo ndio wenye kosa."

"Ndiyo maana hujaoa mpaka leo."

Mauricette hakucheka. Alikuwa amechutama karibu na shina, anatazama ufa. Baadhi ya fito za kwenye rundo hazikuvunjwa na Fernand. Zilikuwa na mikato ya kina kisicho sawa, mmoja umechanika mpaka nchani, na kwenye kidole gumba cha kulia cha mama yake palikuwa na kitambaa kilichofungwa vizuri mno, kama kitu kilichofungwa kwa nia ya kutoonekana.

"Ulijaribu na mundu wa Baba."

"Niliutazama tu."

"Kwa kidole?"

Fito nzima zilizobaki zilikuwa chache, na kiunzi kilihitaji tatu ndefu zilizonyooka. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa walipoingia kula, Fernand nyuma yao, akikaribishwa kwa sababu asingeondoka.

Léontine alikuwa ameoka mapeasi: kila moja zima, limemenywa, limefungwa ndani ya unga kama mtoto ndani ya blanketi, kikonyo kimetokeza juu. Yalikuwa karibu ya mwisho darini. Jikoni kulinukia siagi na mdalasini, harufu ile iliyokuwa ikimlaki Mauricette alipotoka shule, theluji ikiwa bado kwenye viatu vyake vya mbao. Aubin wakati huo angekuwa amekaa pale alipokaa Fernand sasa, anachokonoa vibanzi kwenye sweta. Fernand mwenyewe, alipokaa, alikaa ukingoni mwa kiti.

"Haya, mmefika wapi na hilo kamusi lenu?" aliuliza. Mauricette alikuwa mmoja wa watu wengi waliokuwa wakitunga kamusi kubwa katika ofisi moja ya Paris. Kwa Fernand hiyo ilikuwa kazi ya ajabu kama ya kuhesabu manyoya ya bata.

"Herufi N."

"Na mlianza lini?"

"Kabla mimi sijaajiriwa."

"Basi mkifika Z mniletee habari kaburini."

"Neno lako tulishalipita, Bwana Fernand. Neno la mtu mpayukaji kwetu linaanza na B."

Fernand alipiga meza kwa furaha. Léontine alimwongezea kahawa, na ndani ya kahawa mchirizi wa pombe kali ya matufaha.

"Wiki hii nilikuwa na neno letu," Mauricette alisema, safari hii akimtazama mama yake. "Navré."

Léontine aliiweka chupa mezani.

"Wanaojua mambo hayo wanaamini lilikuja na watu wa kaskazini. Wale waliopanda mto huu kwa mashua, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, wakachoma makanisa, kisha wakaoa mabinti wa hapa wakatulia."

"Babu zangu hao," alisema Fernand. "Umeziona nywele hizi nyekundu?"

"Una kipara, Fernand," Léontine alimwambia.

"Zilikuwepo!"

"Walikuwa na chombo cha kutobolea mbao za mashua," Mauricette aliendelea. "Walikiita nafar."

"Keekee," alisema Léontine.

"Keekee, ndiyo. Kwanza ilikuwa kutoboa mbao. Halafu kumtoboa mtu. Katika visa vya zamani shujaa aliyechomwa mkuki ubavuni ndiye navré, amejeruhiwa, damu inatoka. Baadaye jeraha likahama ubavuni likaingia moyoni, na mtu aliyefiwa naye akaitwa hivyohivyo. Kisha neno likachoka. Siku hizi mtu akikukanyaga kwenye basi anakuambia navré, hata hageuki kuona ni mguu wa nani."

"Na fito?" Léontine aliuliza.

Mauricette alishusha macho kwenye sahani. "Fito zimo, Mama. Mstari mmoja, mwishoni kabisa. Umewekewa msalaba."

"Msalaba wa nini?"

"Ni alama. Inaonyesha kwamba maana hiyo imekufa. Hakuna anayeitumia tena."

Fernand aliacha kutafuna. "Mmeizika bila kuwaita wenyewe?"

"Mkuu wangu aliniuliza. Alitaka mtu aseme ameiona kazi hiyo ikifanyika karibuni. Nilimwambia mimi niliiona mara ya mwisho mwaka arobaini na saba."

"Ulisema kweli," alisema Léontine. Sauti yake haikuwa na lawama. Alikuwa akitazama kitu kingine.

Alikuwa akitazama mkono wa binti yake. Mauricette, huku akizungumza, alikuwa ameshika kisu na kulipasua peasi lake kutoka kwenye kikonyo hadi chini, pigo moja safi, bila kuuponda unga. Kisu kilikuwa katika mkono wa kushoto.

"Hukuuacha," Léontine alisema.

"Kuacha nini?"

"Mkono huo."

Mauricette alikitazama kisu kana kwamba kimewekwa pale na mtu mwingine. "Kuandika naandika kwa kulia. Nyumbani nikiwa peke yangu, huu unafanya unachotaka."

Alikuwa na miaka sita mwalimu alipoufunga mkono ule nyuma ya kiti kwa utepe. Kabla ya hapo Aubin alikuwa na mazoea, jioni kazi ikipungua, ya kumsimamisha mtoto kati ya magoti yake, kuweka mkono wa kushoto wa mtoto juu ya mpini na wake juu yake, na kupiga pigo pamoja. Léontine angekuwa amekalia ufito. "Kalia," mtoto angesema kwa sauti nene ya kuiga, na Léontine angejibu kwa heshima zote, "Nimekalia, bwana." Habari ya utepe ilipofika nyumbani, Aubin alivaa kofia yake akaenda shuleni. Alisimama nje ya lango kwa muda, kofia mkononi, kisha akarudi bila kuingia. Tangu siku hiyo hakumpa mtoto mundu tena. "Mwalimu ndiye anayejua," alisema. "Tusimchanganye mtoto." Majira yale ya baridi alizungumza kidogo kuliko kawaida yake, na kawaida yake ilikuwa ndogo.

Léontine aliondoka mezani, akaenda kwenye banda, akarudi na mundu. Aliuweka juu ya meza kati ya sahani.

Fernand alisimama. "Ngoja nikatazame… nikatazame ngazi," akasema, akatoka.

"Hapana, Mama," alisema Mauricette.

"Sijasema kitu."

"Nikizikata hizo fito, mti utasimama."

"Utasimama."

"Na hutakuja."

"Siji."

"Basi unaniomba nini? Nije kwa treni kutoka Paris kukusaidia unikatalie?"

Léontine alikusanya vikombe.

"Nimepaka rangi chumba," Mauricette alisema nyuma yake. "Mwenyewe, Jumapili tatu. Rangi ya maziwa. Kina dirisha linaloona mti mmoja, mti wa barabarani, lakini ni mti. Mimi nashinda ofisini na maneno, jioni napanda ghorofa nne, nafungua mlango, na hakuna wa kumwambia hata moja kati ya hayo. Ulidhani nakuja kukuhurumia?"

Ndivyo alivyodhani. Tangu mazishi Léontine alikuwa amejiona yeye ndiye anayesaidiwa, akakataa kwa ukali wa mtu anayekataa sadaka. Hakuwahi kufikiri kwamba aliyekuwa akigonga mlango ni mwenye shida.

Aliviweka vikombe mezani. Akauchukua mundu, kwa mkono wake wa kulia wenye kitambaa, akatoka uani bila kufunga mlango.

Mauricette alimsikia akiburuta ufito juu ya gogo. Akasikia pigo la kwanza likiteleza, mlio wa chuma kukosa mti na kupata kigingi. Akasikia Fernand akisema, "Mama Osmont, kwa jina la Mungu, goti hilo!" Hapo akainuka.

"Lete hapa," alisema alipofika. "Utajikata mguu, halafu nikubebe kwenye sanduku kweli."

Aliushika mundu kwa kushoto. Mpini ulikuwa na mbonyeo wa vidole vya baba yake, na vyake vilikuwa vyembamba mno kuujaza, lakini viliijua njia yake. Akasimama upande ule alikosimama Aubin, mgongo kwenye ukuta wa banda. Léontine alizunguka upande wa pili, akapandisha gauni kidogo, akaikalia ncha ya ufito. Mti ulilalamika chini yake, ukanyooka nusu.

Kila mmoja alimngoja mwenzake.

"Kalia," Mauricette alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Nimekalia."

Pigo lilishuka mshazari, upande wa ndani wa pindo. Jeraha likafunguka kama mdomo, jeupe, lenye unyevu, likinuka utomvu. Fernand akapiga makofi. Mauricette aliinama, na kwa ncha ya kidole, kwa unadhifu wa mtu aliyezoea kuondoa takataka kwenye kurasa, akakitoa kibanzi akakitupa chini.

"Kibanzi!" Léontine alipiga kelele. "Usitoe kibanzi!"

Alikuwa amechelewa. Aliponyanyuka, jeraha lilijifunga polepole mbele ya macho yao, na ufito ukarudi kupinda vilevile ulivyokuwa, sasa ukiwa na kovu la bure.

"Nilidhani nasafisha," alisema Mauricette.

"Hakisafishwi, mwanangu. Ndicho kinachoshikilia. Jeraha likifunga, mti unarudi ulikozoea. Baba yako hakukuambia?"

"Hatukufika hapo. Nilianza shule."

Léontine alimtazama, kisha akatazama fito zilizobaki. Zilikuwa tatu. Hapakuwa na ya kuharibu.

"Fernand, kaa kimya," alisema.

"Sijafungua mdomo!"

"Usije ukaufungua."

Ufito wa kwanza ulikuwa na pindo moja. Mauricette alipiga, kibanzi kikainuka, akaushusha mundu taratibu nyuma yake mwenyewe bila kukigusa. Léontine, bado amekaa, aliusikia ule mlio mdogo, tki, wa kibanzi kikikwama mahali pake. Hakuwa ameusikia tangu msimu wa mwisho wa Aubin. Mauricette aliposema "Inuka," hakujua kwamba amesema kwa sauti ileile nene aliyokuwa akiiga akiwa mtoto. Léontine aliinuka pale alipoambiwa. Ufito ulibaki umenyooka.

Wa pili ulikuwa na mapindo mawili. Wa tatu, mbaya kuliko yote, ulipinda kama mguu wa ng'ombe anayelala, na ulihitaji majeraha matatu, moja likilifuata jingine, kila moja dogo kuliko lilivyotamaniwa. Kufikia hapo Mauricette alikuwa amevua koti la kijivu, na nywele zimemshuka usoni. Hakuzipandisha, mkono mmoja ulikuwa na mundu na mwingine ulikuwa umeshika mti.

Kiunzi walikipigilia kabla mwanga haujaondoka. Fernand ndiye aliyebeba tawi begani, akipanda ngazi hatua kwa hatua, uso mwekundu kuliko nywele alizowahi kuwa nazo, huku Léontine akilifunga kwa vijiti laini vya mti wa mtoni vilivyolowekwa.

"Polepole! Hilo si gunia la matufaha!"

"Gunia la matufaha halinitukani!"

Ufa kwenye shina ulijifunga. Léontine aliupaka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, akauzungushia kitambaa kilichotoka kwenye kidole chake. Machipukizi ya mkono wa kushoto yalikuwa bado ya kijani kwa ndani, alilipasua moja kwa ukucha kuhakikisha.

Baada ya Fernand kwenda kukamua ng'ombe wake, mama na binti walibaki wanautazama ukuta. Majeraha meupe yalionekana kwenye fito kila mahali palipokuwa na pindo. Yangegeuka kijivu kabla ya mwaka kuisha.

"Jumanne nitamwambia mkuu wangu aondoe ule msalaba," alisema Mauricette.

"Atakuuliza nani alifanya."

"Nitamwambia mimi. Na mama yangu, aliyekalia."

Léontine alicheka, kicheko kifupi puani. Kisha akasema, akiangalia fito na si binti yake, "Mwaka huu watu wa bustani watauliza tena viunzi. Huwa wanauliza. Nilikuwa nawaambia kazi imekufa na mwenyewe." Akagusa ufito mmoja. "Fito hukatwa Novemba. Mimi sina mkono wa kushoto."

"Likizo yangu huwa ya Agosti, Mama."

"Agosti hakuna la kufanya hapa. Mpeasi unakua wenyewe."

Mauricette alifikiri. "Inabadilishika," akasema.

Léontine aliuchukua mundu, akaufuta kwa aproni pande zote mbili, akaingia nao bandani. Kulikuwa na giza, lakini alikijua kigingi kilipo. Aliutundika makali yakitazama nje.

Jumatatu asubuhi Mauricette alirudi Paris peke yake, na sanduku likiwa na mapeasi ya mwisho ya darini. Tarehe mosi Novemba atashuka tena kwa treni ileile, na watakata fito mpaka likizo yake iishe.